Misumari ya Kibarazani

Mimi ni mtu wa kupanga. Nisipofagia kibaraza asubuhi, chai hainishuki. Nyumba yetu ya Somanda ilikuwa na kibaraza kimoja chembamba, na kila kilichotoka shambani au sokoni kilitaka kulala hapo: majembe, baiskeli ya mume wangu, bomba la kupulizia dawa ya pamba, viatu vya mtumba vya watoto vikiwa na matope ya mbuga hadi kwenye kamba.

Soko huria likaja kunimaliza kabisa. Zamani tulivuna pamba, tukaipeleka chama cha ushirika, mambo yakaisha. Sasa wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, huyu na bei hii, yule na bei ile, na mume wangu akawa anatuambia haraka haraka haina baraka. Basi pamba ikasubiri bei nzuri, na ilisubiria kibarazani kwangu, magunia kwa magunia. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pamba utaipaje jembe?

Katikati ya msongamano huo ndipo mama mkwe wangu alipohamia kwetu kutoka Migato. Macho yake yalikuwa yamefifia, watu kwake ni vivuli tu. Aliishi peke yake, na siku moja aliungua mkono mekoni akipapasa chungu. Mume wangu alipomwomba aje, alikubali kwa sharti: msimu wa pamba ukiisha na hajazoea, mdogo wake wa kiume, mjomba wa mume wangu, atakuja kumrudisha kwake. Nilimpenda sana mama yule. Nilifiwa na mama yangu ningali mdogo, na yeye tangu siku ya harusi hakuwahi kuniita mkwe; aliniita ng'wanone, mwanangu, nami nikamwita mayu, mama. Kila nilipowaza anarudi peke yake kwenye lile jiko, nilikosa raha.

Nikafanya ninachokiweza, nikapanga. Leo magunia ukutani, kesho karibu na mlango ili pembe ya nyuma ifagiwe. Kigoda chake nilikisogeza kufuata kivuli. Kibaraza kikapendeza hata jirani akanisifu, na mama akaanza kujigonga. Alijigonga kwenye baiskeli, akakanyaga ungo wa michembe, viazi vyangu vikavu vikamwagika vyote. Mwisho akakaa pale kigoda kilipokuwa jana, akafika chini. Hakuumia, ila aliinuka kimya, na kwa mtu aliyependa kucheka vile, kimya kile kilinitisha.

Jioni hiyo aliniita.

"Ng'wanone, kwangu Migato hakuna hata kiti cha mgeni. Lakini jembe langu liko pale pale nilipoliweka. Hapa kwako kila siku nahamia upya, mwanangu."

Ilinichoma.

"Basi panga wewe, mayu," nikamwambia.

Kesho yake alipanga kwa viganja. Alianzia mlangoni, akapapasa ukuta, akaagiza msumari ugongwe pale mkono wake ulipofika bila kujinyoosha. Wa kwanza ukawa wa khanga yake. Wa pili wa kata ya maji, na mtungi chini yake. Wa tatu akasema ni wangu, nitundike mtandio nikirudi sokoni. Majembe yakaenda mwisho kabisa, makali yakitazama ukuta. Baiskeli ikafukuzwa nyuma ya nyumba, na mwenye baiskeli akanung'unika peke yake. Magunia ya pamba aliyataka yawe kwenye mstari mmoja upande wa kushoto, ayashike akipita. Kigoda hakikusogezwa tena. Jua likimfikia, aligeuka yeye.

Sikukipenda kibaraza kile, nisiseme uongo. Kata ya maji jirani na khanga! Mikono ilikuwa ikiniwasha. Lakini mama alitembea. Alijichotea maji, alipokea wageni, na kicheko chake kikarudi. Mtoto akiacha kiatu njiani, bibi alikiokota na kukirusha uani, na mwenyewe alikwenda kukitafuta peku. Watoto wakanyooka kuliko nilivyowahi kuwanyoosha mimi kwa kelele zangu.

Hatimaye pamba ikauzwa, kwa bei ya kuridhisha. Lori lilipoondoka, upande wote wa kushoto ukabaki mtupu, na mimi nikaanza kuhofu. Mdogo wake hakuchelewa. Alifika asubuhi kwa baiskeli, kamba za mizigo zimeviringwa kwenye keria. Nilipiga goti nikamwamkia, "Mwangaluka," lakini moyo haukuwa kwenye salamu. Alivua kofia, akaitundika ukutani, akakaa.

"Dada, nimekuja kama tulivyopatana. Umefungasha?"

Mama aliinuka kumchotea mgeni maji. Mkono wa kushoto ukatafuta magunia, haukuyakuta, naye akasita. Nikapiga hatua nimshike, kisha nikajizuia. Akageukia ukuta. Vidole vikagusa khanga, vikagusa kata, vikasonga mbele kidogo vikakuta kofia. Akaishusha, akaipapasa, akaenda kuiweka mapajani mwa mdogo wake.

"Ule msumari ni wa mwanangu," alisema. "Wewe mgeni kofia yako utaishika. Kwetu hapa ndivyo tulivyopanga."