Visu vya Mwisho vya Constantin

Constantin alipofariki, juu ya meza yake palikuwa na visu kumi na viwili ambavyo havikuweza kukata hata nyanya. Alikuwa amevifua vyote kwa mkono, kutoka kwenye springi za malori ya zamani, akavitia mipini ya mti na kuvilaza juu ya gunia. Kilichobaki ni kuvinoa tu. Asubuhi ya Alhamisi tension, presha ya damu, ikampanda akiwa anafunga kamba za viatu, na kabla ya saa sita mchana Wivine, mkewe kwa miaka ishirini na mitatu, alikuwa mjane.

Wivine alikaanga maandazi mbele ya nyumba yao, mtaa wa Katuba, Lubumbashi. Karakana ya mumewe ilikuwa nyuma, na yeye hakuwa na haja nayo. Kisu alikijua cha kukatia sombe, majani ya muhogo, basi. Mara nyingi Constantin alimwita aje aone. Mara ya mwisho ilikuwa Jumanne ya wiki ileile.

"Wivine, kuya kidogo. Hii kazi ya kunoa na jiwe, mikono yako itaijua mbio kuliko yangu."

"Miye niko na kazi yangu," alimjibu bila kuinua macho kwenye karai la mafuta. "Utanifundisha siku ingine."

Constantin alicheka, akarudi nyuma ya nyumba. Wakati wote wa kilio, watu wakiimba na kumshika mabega, Wivine alikuwa akiisikia sauti yake mwenyewe ikisema siku ingine, siku ingine.

Visu vilikuwa vya Mwansa, mchuuzi wa samaki anayesafiri kati ya Pweto na Lubumbashi. Aliviagiza kwa ajili ya akina mama wa ziwani wanaopasua samaki wa kukausha. Alikuja kutoa pole, akakaa, akanywa maji, wala hakuvitaja. Alipoinuka kuaga, Wivine ndiye aliyevitaja.

"Na bile bisu?"

"Mama, niliona haya kuuliza. Ukitaka, bibakie kwako."

"Hapana. Alibifanya juu ya bale banamama. Rudia nyuma ya juma mbili, utabipata."

Alisema hivyo bila kujua ataanzia wapi.

Gauthier, mdogo wake marehemu, ndiye aliyetangulia kusaidia. Alitoka Kasumbalesa na meule ya umeme, ile mashine ya jiwe la mviringo linalozunguka kwa kasi, ingali kwenye katoni yake.

"Yaya, dada yangu, ya nini kujitesa na mawe? Hii, dakika mbili, kisu kimoja."

Wivine alikuwa amechoka, akakubali. Siku hiyo courant, yaani umeme, ilikuwapo. Gauthier alichagua kisu kirefu kuliko vyote, akakikandamiza kwenye meule, cheche zikaruka hadi ukutani. Kweli, dakika mbili hazikuisha. Lakini kando ya makali palikuwa na mstari wa rangi ya samawati, kama doa la mafuta juu ya maji. Wivine alikijaribu kwenye mfupa wa mbuzi, na makali yakajikunja kama bati la kopo.

Gauthier alizima mashine. Wote wawili walielewa. Moto wa mashine ulikuwa umeunguza ugumu wa chuma, na kuurudisha kulihitaji tanuri, mafuta, na mkono wa Constantin.

"Nisamehe, yaya."

"Hauna makosa. Miye njo nilikubali."

Aliirudisha mashine ndani ya katoni kwa mikono yake, akamsindikiza shemeji yake hadi barabarani. Aliporudi alikishika kile kisu kilichoungua kwa muda mrefu, akikipapasa bapa zilipoonekana alama za nyundo. Kila alama ilikuwa pigo moja la mkono ambao sasa ulikuwa ardhini.

Kesho yake alikwenda mjini, kwenye maduka ya vyuma, kutafuta jiwe jipya. Alipata moja tu, la kunolea mapanga, lenye chembe kubwa. Alilijaribu kwanza kwenye kisu chake cha sombe, likakichana kama msumari. Ndipo akafungasha mawe mawili ya Constantin kwenye kitambaa, akavuka barabara kwenda kwa Papa Israël, seremala, ambaye hunoa patasi na randa zake kila siku.

"Bisu bitakata nini?" aliuliza Israël.

"Samaki. Na mifupa yake."

"Basi makali yasikuwe membamba sana, yatavunjika. Utainua mgongo wa kisu kadiri ya kidole kidogo, na hautashusha mkono mupaka mwisho. Anza na hili la kukwaruza, maliza na hili laini." Akaweka rula ya chuma juu ya jiwe laini, akaliinua usawa wa macho. Mwanga ulipita chini ya rula. "Lakini ona. Limechimbika hapa katikati."

Wivine aliona. Lilikuwa bonde refu, laini kama kijiko.

"Constantin alilizoea shimo lake, mkono wake ulilifuata. Weye litakupotesha. Lazima tulisugue juu ya sima, sakafu ya saruji, na muchanga na maji, mupaka linyooke."

"Lile shimo litaisha?"

"Njo kazi yenyewe, mama."

Wivine alilichukua jiwe, akarudi nalo nyumbani, akalala nalo siku mbili kando ya kitanda. Aliingiza kidole gumba ndani ya lile bonde na kukipitisha huku na huku. Miaka ishirini na mitatu ya mkono wa mumewe ilikuwa pale, na hakuna picha iliyomwonyesha hivyo. Akiliacha lilivyo, ataharibu visu. Akilinyoosha, atamfuta yeye.

Siku ya tatu alimwaga mchanga juu ya sima ya ua. Kama Israël alivyomwelekeza, alichora mistari ya penseli juu ya jiwe lote ili ajue linaponyooka, akaligeuza, akaanza kusugua. Mistari ya pembeni ilifutika mapema. Ya katikati, ndani kabisa ya shimo, iligoma. Alisugua hadi kiwiko kikawaka, akaligeuza, akaona imebaki miwili, halafu mmoja. Aliutazama ule mmoja. Kisha akalipindua tena jiwe na kuumaliza, machozi yakichanganyika na tope.

Visu kumi na kimoja vilimchukua siku tano. Alipaka makali wino mweusi ili aone jiwe linagusa wapi, akanoa polepole, maji yakitiririka, upande huu kisha huu. Mwisho alivipitisha juu ya mkanda wa ngozi wa Constantin, ule wa misa ya Jumapili. Mikono yake iliijua kazi mbio kweli. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, maana hakuwapo mtu wa kuambiwa, "Ulisema kweli."

Mwansa alivichukua. Mwezi ulipopita, simu ikalia kutoka Pweto. Alikuwa Abigaïl, mmoja wa akina mama wa samaki.

"Mama, kisu ni kizuri sana, lakini sasa kinaanza kukataa kukata. Hapa kuko muntu na meule. Nimupelekee?"

"Hapana! Tumika na jiwe na maji."

"Kila siku?"

"Hapana kila siku. Mupaka kikatae kabisa. Juu kila mara unakinoa, kinapunguka."

Aliposema hivyo, ndipo yeye mwenyewe alipolisikia neno hilo. Huko Pweto vitanolewa, mwaka huu na mwaka ujao, vikiwa vyembamba na vyembamba zaidi, na hakuna atakayefua vingine.

"Mama? Uko?"

"Niko." Akamweleza yaliyobaki kwa sauti ya kawaida: maji mengi, mgongo juu kidogo, usikaze mkono. Kisha akakata simu, akaepua karai la mafuta motoni, akaenda karakana ambako hakuwa ameingia tangu visu viondoke. Akalia humo hadi Papa Israël, ng'ambo ya barabara, alipoacha kupiga randa, akasikiliza.