Sori kwa Kila Aliyeanguka

Nilijifunza kusimama juu ya barafu nikiwa na miaka arubaini na moja, na sikujifunza kwa kupenda. Mimi nilikuwa mtu wa kaunta. Kazi yangu ilikuwa kupokea viatu vya watu na kuwapa viatu vya kuteleza, vile vyenye chuma kirefu chini ya soli, na wakivirudisha navipulizia dawa ya harufu na kuvipanga kwa namba. Uwanja wa barafu ulikuwa chini kabisa ndani ya jumba la maduka, kaskazini mwa Dallas. Ghorofa za juu watu walisimama na mifuko yao wakiegemea vyuma, wakitazama wanaoanguka.

Nilikuwa nimetoka Houston miezi michache tu. Mume wangu alifariki huko, kwa figo. Nilikaa eda katika nyumba ile ile tuliyokuwa tukiishi, miezi minne na siku kumi, na ilipokwisha wifi yangu akaja kunichukua, akanileta kwake Garland, nje kidogo ya Dallas.

"Ukibaki humu peke yako utaanza kuzungumza na friji," aliniambia.

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshaanza.

Mwalimu wa watoto pale uwanjani alikuwa mama wa Kimarekani, mtu mzima, ambaye ujanani aliteleza mbele ya watu kwa malipo na sasa magoti yalikuwa yamemwisha. Msaidizi wake alipoolewa na kuhama, alikuja kwenye kaunta akasimama akinitazama.

"Wewe mpenzi, nimekuona unavyowavalisha watoto viatu," alisema. Huku Texas kila mtu ni mpenzi. "Hupigi kelele. Njoo nikufundishe."

Nikamwambia mimi natoka Mombasa, barafu tunaitia kwenye sharubati. Akacheka, lakini hakuondoka.

Wiki sita alinifundisha asubuhi kabla ya kufungua, akinishika koti kwa nyuma kama mbuzi wa Idi. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kuanguka. Unakunja magoti, unajiangusha kwa ubavu, mikono unaikunja kifuani usiitangulize chini, kwa sababu mkono ukitangulia ndio unaovunjika. Halafu unapiga magoti, unaweka mguu mmoja, unainuka. Nilianguka mara nyingi kiasi kwamba kuswali kulinitia taabu.

Wifi yangu alikuwa akifanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Nikirudi nikichechemea, ananipokea mlangoni.

"Haya, mwenzetu katoka kwenye friza. Leo umevunja nini?"

"Sijavunja kitu."

"Bado. Mtu wa umri wako akivunjika nyonga hainuki. Na mimi wazee ninao wa kutosha, wallahi sina nafasi ya mmoja zaidi."

Darasa lilikuwa Jumamosi asubuhi, watoto wa miaka minne mpaka sita, kumi au kumi na mmoja. Anayedhani ni kazi nyepesi aje ajaribu. Kabla hawajakanyaga barafu umeshainama nusu saa unafunga kamba, na ukimaliza wa mwisho, wa kwanza anataka kwenda chooni. Mmoja analia kwa sababu mamake amesimama kwenye kioo, mwingine analia kwa sababu mamake hayupo. Glavu zinalowa. Kamasi zinaganda. Kulikuwa na kitoto kimoja kila kikianguka kinabaki chini kinalamba barafu, na mwezi wa Ramadhani nilikuwa nikikitazama kwa kijicho.

Tuliwafundisha kutembea kama bata, vidole nje, kisha kuteleza kidogo, kisha kusimama kwa kugeuza vidole ndani. Wiki moja mtoto anajua, wiki ijayo amesahau yote kama hajawahi kuja. Unaanza upya. Wengine walifika mpaka katikati ya uwanja, wakasimama peke yao huku wamefungua mikono, wakatazama huku na huku kama watu walioshushwa mji wasioujua. Hapo nilifurahi. Kisha saa inakwisha, natoka nje kwenye maegesho, joto la Dallas linanipiga usoni, miwani inaingia ukungu, nakaa ndani ya gari la marehemu bila kuliwasha, miguu haina hisia. Nilichoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Lakini niseme kweli, bila darasa lile nisingekuwa naamka siku ya Jumamosi. Siku nyingine nilienda kazini kwa sababu mtu huenda kazini. Jumamosi nilienda kwa sababu watoto walinisubiri.

Na tangu siku ya kwanza mdomo wangu ulikuwa na neno moja. Mtoto akianguka, namwambia sori. Kwetu mtu akijikwaa njiani unamwambia pole, hata humjui, hata uko upande wa pili wa barabara. Kwa Kiingereza neno hilo tulilifasiri sori, na ndivyo tulivyokuwa tukisema wote nyumbani. Watoto kumi na mmoja wanaoanguka kila dakika, basi asubuhi nzima ni sori, sori mwanangu, sori.

Mwalimu mkuu, yule mama wa Kimarekani, aliniita pembeni.

"Mbona unawaomba msamaha? Umewasukuma?"

"Siwaombi msamaha. Nawaambia sori."

"Ndiyo huko kuomba msamaha, mpenzi."

Nikamweleza. Nikamwambia Houston, mume wangu alipokata roho, muuguzi aliniwekea mkono begani akaniambia sori, na yeye hakumuua. Basi si ni neno lile lile?

"Hiyo ni kwa kifo," alisema. "Kwa kifo inafaa. Mtoto akianguka usiseme. Wazazi wakisikia watadhani una kosa, na huku watu hupelekana mahakamani."

Nikajaribu. Nilibana meno. Mtoto anadondoka puu, mimi nimesimama kama mlingoti. Niliona ni adabu mbaya mno. Wiki ya pili neno likarudi lenyewe, naye akanitazama tu akatikisa kichwa.

Kuna sababu nyingine ya mimi kutoliacha. Jumamosi moja nilianguka mwenyewe. Nilikuwa narudi nyumanyuma nikiwaita, nikakanyaga glavu ya mtu, nikaenda chini chali. Kabla sijapata pumzi nilizungukwa. Walikuja wakitembea kama bata, wawili wakaanguka njiani, na wote wakisema, "Sori, ticha! Sori! Sori!" Mmoja akanipangusa barafu usoni kwa glavu yake iliyolowa. Nililala pale muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Matanga yalikwisha zamani, watu wa Houston walishanipa pole zao zote wakarudi kwenye shughuli zao, na sikutarajia nyingine.

Sasa nisimulie habari ya yule msichana.

Alikuwa na miaka mitano, mwembamba, mwenye helmeti iliyomfika nyusi. Aliletwa na mamake, ambaye hakukaa kwenye benchi kama wazazi wengine. Alisimama mlangoni mwa uwanja saa nzima, mkoba begani. Mtoto hakulia wala hakusumbua. Alishika kidole gumba cha mkono wangu wa kushoto tu, akakikaza. Popote nilipokwenda, alikuja nami. Wenzake nikawafundisha kwa mkono wa kulia.

Kila wiki aliniuliza swali moja. "Utaniambia kabla hujaniacha?"

"Nitakuambia."

"Utaniambia kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Wiki sita zikapita hivyo. Mwalimu mkuu alisema muda umefika aachwe, nami nikasema wiki ijayo. Wiki ya saba tulikuwa tumebaki dakika kumi kumaliza. Kidole changu kilikuwa kimekufa ganzi. Tulikuwa tunateleza polepole kando ya ukuta, naye alikuwa akiniambia habari za paka wa jirani, na mimi nikauchomoa mkono. Sikumwambia. Niliuchomoa kimya kimya, katikati ya maneno yake.

Alikwenda hatua tatu, nne, tano. Alikuwa akiteleza kweli, vizuri kuliko wote. Kisha akatazama mkono wake, akaona hauna kitu. Akageuka kunitafuta, akaanguka, mkono umetangulia.

Nilimwendea nikisema, "Sori, sori mwanangu, sori, sori." Mamake alikuwa ameshaingia kwenye barafu na viatu vyake vya kawaida, akiteleza na kushikilia ukuta. Mtoto alikuwa mweupe midomoni. Kifundo cha mkono kilikuwa kimekaa upande.

"Umemfanya nini?" mama aliniuliza. "Kwa nini unasema sori? Umemfanya nini?"

Jumatatu meneja aliniita ofisini. Alikuwa kijana mwenye tai, mpole, mwenye fomu mbele yake. Mwalimu mkuu alinipata mlangoni kabla sijaingia.

"Mama mtu amesema uliomba msamaha hata kabla hujamfikia mtoto," aliniambia kwa haraka. "Wewe mwambie lile neno ni la kwenu. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, halafu nyamaza. Umesikia, mpenzi? Nyamaza. Wakikutia hatiani darasa hulipati tena."

Aliingia nami akakaa kando yangu. Meneja akauliza kama ni kweli nilimwomba mtoto msamaha.

Nikamweleza. Kwetu mtu akianguka huambiwa pole, hata kama aliyemwangusha ni upepo. Nikasema huwaambia watoto wote, kila Jumamosi, awaulize. Mwalimu mkuu akasema ni kweli, amenikanya mara nyingi na nimeshindwa kuacha. Meneja akatabasamu. Nilimwona mabega yakishuka. Akaandika mistari miwili.

"Kwa hiyo ni desturi tu," alisema. "Hakuna kosa ulilofanya."

Hapo ndipo pa kunyamaza. Mwalimu mkuu alikuwa ameuweka mguu wake juu ya wangu chini ya meza, si kwa nguvu, ameuweka tu. Nilijua nikifunga mdomo Jumamosi ningekuwa na watoto wangu. Nilijua pia kwamba kila nilichosema ni kweli, hapakuwa na uongo hata mmoja. Ningetoka na neno la kweli na darasa langu.

"Neno halikuwa la kosa," nilisema. "Lakini kosa nililifanya."

Mguu ukaondoka.

Nikamwambia nilimwahidi mtoto kumwambia kabla ya kumwacha, na sikumwambia. Akauliza kwa nini. Nikasema nilichoka kushikwa. Akasubiri kana kwamba kuna zaidi, na zaidi ilikuwepo ila haikumhusu. Mume wangu wiki zake za mwisho alinishika hivyo hivyo, usiku na mchana, na mara moja niliuchomoa mkono alipolala nikatoka nikakaa kwenye ngazi za hospitali nisishikwe na mtu. Hakufa wakati ule. Alikufa siku nyingine, nikiwa nipo. Na sisemi kwamba juu ya barafu nilimkumbuka yeye. Sikumkumbuka mtu yeyote. Nilitaka mkono wangu uwe wangu kwa dakika moja.

Meneja aliandika muda mrefu. Hakunifukuza. Alisema nibaki kaunta, na barafuni nisiingie tena wakati wa masomo.

Wifi nilimwambia jioni, akiwa anakatakata vitunguu.

"Umejichongea mwenyewe," alisema. "Mtu kakufungulia mlango, wewe unarudi ndani kuchukua nini?"

Akaendelea kukata, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Marehemu naye alikuwa hivyo. Hafai hata kuuza gari, atamwonyesha mnunuzi kila ubovu." Tukacheka kidogo, tukala.

Walimpata msaidizi mwingine, msichana wa chuo, hodari. Jumamosi nilikaa kaunta nikiwasikia tu. Watoto wawili watatu waliniuliza mbona siingii, nikawaambia kazi ni nyingi huku nje. Huo ulikuwa uongo na haukunipendeza, lakini sikupenda kuwaeleza wote. Baada ya mwezi wakaacha kuuliza. Watoto husahau upesi, na ndivyo inavyotakiwa.

Majira yalipobadilika yule msichana akarudi. Plasta ilikuwa imetolewa, mkono mmoja mweupe kidogo kuliko mwenzake. Mamake alinitazama, akaniamkia kwa kichwa, akaenda kulipia. Mtoto akabaki mbele yangu, kidevu juu ya kaunta.

"Leo utakuwa ndani?"

"Hapana. Siingii tena."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema kazi ni nyingi.

"Kwa sababu nilikuacha bila kukuambia," nilisema. "Niliahidi nikavunja ahadi."

Akafikiri, akikwaruza kaunta kwa ukucha.

"Najua," alisema. "Niliusikia mkono unaondoka. Nikadhani utarudi." Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, "Nilikwenda mbali, lakini."

"Ulikwenda mbali sana. Hatua tano. Nilizihesabu."

"Sita," alisema.

Nikamwekea viatu juu ya kaunta. Akavitazama, akavirudisha kwangu kwa mkono ule uliovunjika, akaniambia hivyo ni vidogo, yeye sasa amekua. Nikaenda nyuma kumtafutia namba kubwa.