Iko Safi, Kaka

Kengele ya mashine ya taipu ikilia, ujue mstari umebakiza herufi chache. Neno lisipoenea unalikata, unaweka kistari, kipande cha pili kinashuka chini. Kwa Kiswahili hakuna taabu, unakata baada ya irabu na mambo yamekwisha. Kwa Kiingereza, loo! Maneno yale yana mifupa mahali usipotegemea.

Aliyenifundisha kazi hiyo alikuwa kaka mmoja wa mtaa wa Mirongo, fundi kwelikweli. Mimi nilishuka melini kutoka Bukoba na cheti cha shule na kiburi tele, hata karatasi sijui kuipachika. Tulikuwa wapiga taipu wawili katika ofisi ya pamba, miaka ile uhuru unanukia. Desturi yetu ilikuwa moja: karatasi haiendi kwa bwana mkubwa kabla mwenzako hajaikagua. "Nikagulie, mdogo wangu," alikuwa akisema kila siku, nami nampa yangu.

Yeye alikata Kiingereza kwa sikio la Kiswahili: Septe-mber, co-mpany, gove-rnment. Nami nilimfuata hivyo hivyo, mpaka nilipopata kamusi ndogo yenye vinukta ndani ya kila neno, kuonyesha pa kukatia. Niliifunga kwa gazeti nikaiweka droo ya chini. Kesho nitamwonyesha, nilijiambia. Kesho hiyo ilikaa miezi.

Uhuru ulipofika tukaletewa mkuu mpya, mtu wa kukagua barua kama anayechambua mchele. Akasema anamtaka mpiga taipu mmoja tu. Tupige kila mtu barua moja ndefu, tumpelekee baada ya chakula cha mchana, ataamua. Kaka yangu alikuwa na mke na watoto watatu, binti mkubwa yuko darasa la nne. Mimi nilikuwa na kitanda na baiskeli.

Alimaliza kabla yangu, kama kawaida. Akanyoosha mkono na karatasi yake. "Nikagulie, mdogo wangu."

Niliisoma yote. Niliyaona makosa saba ya kukata maneno, moja moja, na muda wa kuipiga upya ulikuwapo.

"Iko safi, kaka," nikasema.

Mungu anisamehe. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile nguoni mwake nilikuwa mimi. Jioni alifungasha vitu vyake, akanishika mkono kwa mikono miwili, akanipongeza. Alinishukuru hata kwa kumkagulia. Afadhali angenitukana.

Miaka sita nilimkwepa. Nikimwona sokoni napita njia nyingine, mtu mzima mimi! Mpaka Ijumaa moja tukagongana uso kwa uso, nikamwamkia, akanivuta hadi kwake. Barazani palikuwa na mashine kuukuu. Alikuwa akiwapigia watu barua za maombi.

"Umeletwa na Mungu," akasema. "Binti yangu ana mtihani wa taipu Jumatatu, kazi ya serikali. Nimemfundisha mwenyewe. Hebu nikagulie karatasi yake."

Nikaipokea. Septe-mber. Gove-rnment. Vilevile, mkono wa baba kwenye karatasi ya mtoto.

Nikimwambia, atajua ya siku ile. Nilijua hivyo, na nusura niseme tena yale maneno yangu matatu. Kisha nikatoa kalamu, nikaweka alama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alifuata kalamu kwa macho bila kuuliza. Nilipomaliza ndipo akauliza.

"Siku ile ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua, kaka."

Akaitazama karatasi. Kisha akageukia mlangoni, akamwita binti yake.

"Njoo mwanangu, kaa karibu na baba yako mdogo akufundishe. Leo atakufundisha yote."

Akaingia ndani. Hakutoka mpaka nilipoondoka.