Mikono ya Muuza Sambaza

Mpakani hapa Rusizi, siku za mlipuko wa ugonjwa, kwenye ndoo ya kunawa yenye maji ya klorini, foleni ilisimama. Mama mmoja kutoka Bukavu, beseni la sambaza, vile visamaki vya ziwani, kichwani, alikuwa ameficha mkono mmoja ndani ya kitenge.

"Maman, nawa ao rudi," akasema afisa wa afya.

"Papa, minauzisha samaki. Mikono ikinuka iyi dawa, batu ba Kamembe batasema sambaza ni ya sumu. Batoto bangu batakula nini?"

Mimi niliyenawishwa katika viwanja vya ndege vya mabara matatu nikajitolea kumsomesha. Nikamweleza vijidudu, nikamwambia hofu yake ni ya kukosa elimu. Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha akanawa.

Saa sita mchana nikamkuta sokoni Kamembe, beseni bado limejaa. Nikachota sambaza kidogo kiganjani, nikanusa. Klorini! Mkono wangu ukazirudisha taratibu, bila kuniuliza.

"Eh, professeur!" akapaza sauti, na soko zima likageuka. "Na weye unanusa?"

Kwa aibu nikanunua nusu ya beseni. Nilidhani haelewi ugonjwa, kumbe alichoogopa ni pua zetu, na alikuwa anazijua vizuri.

Nyumbani mke wangu alifungua mfuko, akanusa, akafunga tena.

"Hizi umezitoa kwa nani?"

Nikaanza kumweleza vijidudu. Naye akanitazama kuanzia viatu hadi kofia.