Bibi Hataki Kugawana Mume

Usiku ule nililala na mablanketi mawili, na joto la Kilosa mnalijua wenyewe.

Nilikuwa nimetoka hospitali siku si nyingi. Msumari niliokanyaga uani ulikuwa nusura unizike. Kidonda kilitunga usaha, nikaanza kutetemeka na kuropoka maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na mume wangu, Baba Zuhura, akanikimbiza wodini. Wakasema ni sepsisi. Siku ya kuruhusiwa, nesi alitukalisha wote wawili akatueleza taratibu. Vijidudu vikiingia, mwili unapigana navyo, lakini mara nyingine unapigana kwa hasira mpaka unaumiza viungo vyake wenyewe, kama mtu anayefukuza panya kwa rungu akavunja vyombo vya ndani. Alisema nitachoka, nywele zitakatika, nitasahausahau, nitaota ndoto za ajabu, na hayo yatapita polepole. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Lakini ukimwona anatetemeka tena, anahema mbiombio, anachanganyikiwa, au mkojo umepungua, msingoje. Mleteni, na mkifika tu semeni alishaugua sepsisi."

Nilielewa, wallahi nilielewa. Ila jioni ile mtetemo uliponirudia, nilijidanganya kwamba ndio ule uchovu aliousema nesi. Na kusema kweli niliona haya. Ndugu walishaleta kuku, dua imesomwa, mawifi wamepiga vigelegele kwamba nimepona. Niwasumbue tena kwa lipi? Mume wangu alikuwa bado kazini. Shangazi Tatu, dada yake baba, aliyekuja kuniuguza, akanigusa paji la uso.

"Homa hiyo. Alfajiri utapiga nyungu, utoke jasho, iishe."

Nyungu ndiyo dawa ya ukoo wetu. Majani yanachemshwa chunguni, wewe na chungu mnafunikwa blanketi zito, unavuta mvuke mpaka ukome. Nikaitikia, nikajifunika gubigubi.

Mara nipo uani kwa Bibi, mama yake baba, aliyefariki mimi bado msichana. Yeye aliumwa tumbo, akatetemeka, akapigishwa nyungu. Blanketi lilipofunuliwa alikuwa hatujui tena. Watu wakasema homa kali, kazi ya Mungu, tukazika.

Sasa chungu kinafuka katikati ya ua, na blanketi lake la kijivu limetuna juu yake. Najua yumo. Naogopa? Hata kidogo! Nafurahi kupita kiasi. Nainua pindo, na Bibi huyo hapo, meno yote yamerudi kinywani, anayaonesha kwa maringo.

"Mke mwenzangu," ananiita.

Ndivyo alivyoniita tangu nazaliwa, maana Babu alikuwa mume wetu sote wawili. Babu akimenya muhogo, kipande kinono ni changu, na Bibi anajifanya kununa mpaka jioni. Nilimpenda Babu yule, jamani, Mungu amrehemu.

"Umefuata nini huku?" Bibi anauliza.

"Baridi, Bibi. Nisogezee blanketi."

Ua umekuwa wodi. Bibi amelala kwenye kitanda changu mimi, dripu mkononi, anahema mbiombio, ananiita kwa jina la mtu mwingine. Nataka kumwita nesi lakini kinywa kimejaa mvuke. Nalia, na chozi lenyewe ni la moto. Kisha wodi nayo haipo, tumekaa kizingitini, na kule jikoni namwona Babu, mgongo wake ule ule, anamenya muhogo. Anageuka. Anachagua kipande kinono, ananinyooshea. Moyo unaniruka. Nanyanyuka nimfuate.

Bibi ananitangulia. Anakipokonya kile kipande, anakila mwenyewe, taratibu, macho yake kwangu. Kisha anashika blanketi nililojitanda na kulivuta kwa nguvu zote.

"Mimi nilifunikwa, hakuna aliyeona," anasema. "Wewe funuka, wakuone. Na huku usije. Nimegawana na wewe vya kutosha, sasa mume ni wangu peke yangu."

Nikaamka. Mablanketi yote mawili yako sakafuni, adhana inamalizika, na uani Shangazi Tatu anapuliza kuni. Meno yalikuwa yanagongana. Nilihema kama niliyepanda mlima. Nikajaribu kukumbuka leo siku gani, sikuipata. Haya yangu yote iliisha palepale.

"Baba Zuhura!" nikamtikisa mume wangu, aliyerudi usiku nimeshalala. "Washa pikipiki. Imerudi."

Hakuuliza imerudi nini. Alinitazama kifua kinavyopanda na kushuka, akavuta suruali. Shangazi akatokea mlangoni na kitambaa cha kuepulia chungu.

"Jamani, majani yameshachemka! Mwacheni kwanza atoke jasho."

"Shangazi, nimekatazwa na mama yako."

Akaganda. "Umemwona?"

"Nimemwona. Kasema yeye alifunikwa, hakuna aliyeona. Mimi nifunuke."

Akakitupa kitambaa begani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama mtoto, "Na nini tena?"

"Kasema nisiende huko. Hataki kugawana mume."

Shangazi akaangua kicheko, machozi yakamtoka humohumo. "Ndiye mwenyewe huyo," alisema, "mama yangu huyo na wivu wake." Akatoka, nikasikia moto ukilia tssss. Alikuwa ameumwagia chungu kizima. Akarudi amejifunga kanga kiunoni.

"Twende. Nikifika niseme nini?"

Nikamwambia. Tukapakiana mshikaki, mimi katikati, Shangazi nyuma amenikumbatia nisidondoke, akilirudia neno lile njia nzima lisimponyoke. Pikipiki haijasimama sawasawa langoni mwa hospitali, tayari alishaanza kupiga kelele.

"Sepsisi! Alishaiugua, imerudi! Njooni mumwone, na mtu asimfunike!"