Rubisi ya Posa ya Dada

Dada yangu alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, lakini umbea wote wa kijiji chetu cha Kamuli alikuwa nao. Nyumbani tuliongea naye kwa mikono: kiganja shavuni ni mama, ngumi kidevuni ni baba, kwa ajili ya zile ndevu. Wageni walimpigia kelele kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde, na mimi hilo linaniudhi hadi leo. Baba hakuwahi kutumia mikono. Alimsemea tu. "Huyu ameshiba." "Huyu hataki."

Miaka ya themanini akaja kumposa fundi baiskeli wa Bweranyange, kijana ambaye baiskeli yake, fundi mzima, iliharibika kila mara mbele ya shamba letu. Mikono yetu aliijua kuliko majirani.

Kwetu, waposaji huleta kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na shangazi humwuliza binti mbele ya wazee, "Tuinywe?" Asipoitikia kwa kinywa chake, kibuyu hurudi kilikotoka. Dada alilijua hilo, akawa hali wala halali.

Shangazi akaja na akili yake: nijifiche jikoni, nimwitikie. Nikamwambia, "Shangazi, nikiitikia mimi, si nitaolewa mimi?" Akanifinya. Nikajificha.

Siku ikafika, shangazi akauliza. Nikaitikia, "Ndiyo," kwa sauti nyororo.

Mshenga hakuwa mtu wa kuchezewa. "Binti kaketi hapa," akasema, "mbona sauti imetokea jikoni?"

Wazee wakacheka hadi wakakohoa. Kisha mmoja akasema mila ni mila, na mshenga akakivuta kibuyu upande wake. Dada aliuona ule mkono. Machozi yakamlenga.

Baba akainuka. Nikajua atamsemea tena, ila sikujua atasema anataka au hataki. Alichuchumaa mbele ya dada, akaweka ngumi kidevuni, akaonyesha kibuyu, akapeleka kidole gumba kinywani na kuinua nyusi. Baba anywe? Hakukosea hata kidogo. Kumbe miaka yote alikuwa akituangalia.

Dada akakichukua kibuyu, akang'oa kizibo cha jani la mgomba, akapiga funda refu la kuaibisha ukoo, ndipo akampa baba. Baba akanywa, akafuta ndevu.

"Kwa hiyo binti amekubali?" mshenga akamwuliza.

Baba akamwelekeza kwa dada. "Muulize mwenyewe."