Msumeno wa Kupunguza Matawi

Miaka ya tisini, mti wa mkungu uliokuwa mbele ya nyumba yetu Mji wa Kale uliangusha matawi juu ya mabati kila upepo ulipovuma. Baba akaenda kununua msumeno wa petroli, nami nikamfuata. Muuzaji alisifu ule mkubwa.

"Kazi yangu ni kupunguza matawi tu, mara moja kwa mwaka," baba akamwambia, akachagua mdogo, mwepesi wa kubebwa kwa mkono mmoja.

Wepesi huo ndio uliotuponza. Kwetu jirani hanyimwi chombo. Ukaazimwa, mwarobaini wa ng'ambo ya kichochoro ukaanguka. Ukaazimwa tena, mkwaju wa nyuma ya msikiti ukaenda. Kila mara ulirudishwa umepanguswa vizuri, pamoja na dua. Baba moyoni alinuna, mdomoni akasema karibu tena. Adabu gani hiyo!

Siku ya maziko ya baba jua lilikuwa kali. Wanaume wa mtaa walibanana chini ya mkungu wetu, maana kivuli kingine hakikuwepo. Tuliporudi kutoka makaburini, mmoja wao alinipa mkono wa tanzia, akaniuliza taratibu kama ule msumeno bado upo.